Rekodi Sita

Haya yalimkuta shemeji yangu, mume wa dada. Angalau mwanzoni yalimkuta yeye.

Shemeji ni fundi wa kufufua kumbukumbu zilizokufa. Simu ikizama au flashi ikivunjika, yeye hahangaiki na kifaa. Anaing'oa chipu kwa hewa ya moto, anaisafisha kwa spiriti, anaibana kwenye kisomeo na kuisoma yenyewe, moja kwa moja. Majirani wanamwita Daktari, naye hujibu kwamba wagonjwa wake hawana makelele.

Jumanne moja asubuhi nilikuwa kibandani kwake tukipiga soga, akaingia mama mshonaji wa mtaa wa pili. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa amefariki kwa homa miezi miwili nyuma. Mkononi alikuwa na kinasa sauti cha mtoto. Alikuwa amefua suruali ya marehemu bila kupekua mifuko, nacho kilikuwa ndani.

"Sauti yake imo humu," alisema. "Sina nyingine. Nisaidie, kaka yangu."

Shemeji akaacha mzaha, akafanya kazi.

Chipu ilisomeka. Zilitoka rekodi sita: mtoto anaimba, anamfokea paka, anasoma kitabu huku anakwama. Mama alilia mpaka mimi nikatoka nje kujifanya napokea simu.

Sasa, shemeji ana utaratibu wake. Kila chipu huisoma mara mbili, kisha hulinganisha. Lazima zifanane mpaka tarakimu ya mwisho, maana kisomeo kile kinasoma tu, hakiandiki. Wakati akiisoma tena, mama aliinama karibu na chipu akanong'ona, "Mwanangu, uliumia sana?"

Usomaji wa pili haukufanana na wa kwanza. Rekodi zilikuwa bado sita, ila ile ya kuimba haikuwepo. Mahali pake palikuwa na sekunde tatu za sauti ile ile.

"Hapana, mama. Niulize tena."

Shemeji alinyoosha mkono kwenye kisomeo. Alitaka kuitoa chipu. Mama akamshika.

"Ukiitoa, umemuua mara ya pili."

Basi akawa anakuja kila siku mchana. Anauliza swali moja, chipu inasomwa, jibu linatoka, na rekodi moja ya zamani inatoweka. Shemeji hakutulia tena. Anakaa, anasimama, anachungulia mlangoni, anakunywa maji asiyo na kiu nayo. "Zile za kwanza si ninazo kwenye kompyuta?" alikuwa akiniambia, kama vile mimi ndiye niliyebisha. "Hakuna kilichopotea."

Siku ya nne alijaribu kumchangamsha mama. "Ule wimbo wake ulinichekesha kweli."

"Wimbo?" Mama alikunja uso. "Mwanangu hakuwa mtu wa kuimba."

"Na yule paka?"

"Paka gani?"

Tulitazamana na shemeji. Niliogopa, sifichi.

Siku ya saba, rekodi zote za zamani zikiwa zimeisha, shemeji alikataa kusoma. Alifungua ule usomaji wa kwanza kwenye kompyuta, akaongeza sauti. Mtoto akaimba. Mama alisikiliza kwa adabu, mikono mapajani.

"Ana sauti nzuri," alisema. "Mrudishie mama yake. Lazima anamtafuta."

Shemeji alichukua koleo, akaiponda chipu mbele yake. Tulidhani atapiga ukunga. Alichukua mkoba wake, akaaga vizuri, akaondoka.

Juzi nilikutana na yule mama barabarani, mchana kweupe. Alikuwa akiongea na kiganja chake. Ananyamaza. Anacheka. Nilimwamkia.

"Huyu hapa," alisema, akanisogezea kiganja sikioni. "Msalimie."

Ningekataaje? Mkono ulikuwa mtupu. Nikasalimia.

Nilijibiwa. Kiliniita kwa jina la utani. Jina ambalo marehemu baba peke yake alikuwa akiniita nikiwa mdogo.

Nilikimbia mpaka kwa dada. Nikafungua mdomo nimtajie hilo jina. Sikuwa nalo. Nikatafuta sauti ya baba, jinsi alivyokuwa akilitamka. Nayo sikuwa nayo.

Nilipomweleza, dada alinitajia. Alirudia mara tatu, polepole, huku machozi yanamtoka. Nilimsikiliza vizuri kabisa. Nikamuuliza ni jina la nani.