Pembe Zisizopumua

Goti la Gundula Haslinger lilimpata mlinzi tumboni. Akajikunja. Gundula akamkamata nywele, akamgonga uso kwenye ukingo wa meza. Meno mawili yakabaki juu ya kibodi.

"Nani anapigwa risasi leo?"

"Jaji Kranebitter." Mlinzi alitema damu. "Kwenye ukumbi wa muziki. Ngoma kubwa ikilia."

Akamzimisha kwa kitako cha bastola yake, Glock.

Kompyuta ilieleza yaliyobaki. Wauza silaha waliiagiza akili mnemba ichukue wimbo wa piano, iupange kwa okestra nzima, kisha wakaizawadia okestra ya ukumbi ule nota hizo. Mashine ilijitahidi, kusema kweli. Pembe zilishika sauti moja dakika nzima, ikipanda, ikipanda, hadi dakika ya tisa kamili.

Hapo, ngoma. Kishindo cha kumeza mlio wa bunduki.

Kesho jaji alikuwa awahukumu.

Gundula alipuliza pembe miaka kumi kabla ya ujasusi. Alizitazama nota zile akasonya. Pa kuvuta pumzi hapakuwepo.

Akampigia mkuu wake, Prohaska.

"Mkuu, mtoeni jaji ukumbini!"

"Vijana wangu wako mbali. Wimbo umeshaanza. Uko wapi?"

"Ng'ambo ya barabara."

"Sasa unaongea nini? Kimbia!"

Jumapili, saa tano na dakika saba asubuhi. Vienna nzima ilikuwa imevaa vizuri. Gundula aliingia kwa mlango wa nyuma, damu ya mtu kifuani. Mpuliza pembe mzee, Vinzenz, mwenzake wa zamani, alikuwa anakunywa kahawa akisubiri zamu yake katika wimbo wa pili.

"Vinzenz! Ile dakika mnaipulizaje?"

"Takataka ile? Mashine haina mapafu, mama! Asubuhi mazoezini tuligoma, kiongozi wa okestra akakata nusu kwa penseli. Ngoma inawahi sekunde thelathini."

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi na penseli zetu."

Alikuwa katikati ya ngazi ngoma ilipolia. Akasikiliza.

Hakuna risasi.

Juu, nyuma ya taa, muuaji alikuwa bado anaitazama saa yake, karatasi ya nota za mashine magotini. Akainua kichwa, kachanganyikiwa. Kisha akaelewa, akaivuta bunduki begani. Angefyatua hivyo hivyo, watu wasikie.

Gundula akamrukia.

Kiwiko cha muuaji kikamvunja ubavu. Maumivu yakamtoa machozi, lakini hakuachia. Aliufunika mdomo wa yule mtu kwa kiganja, akachomoa kisu kiunoni, akakizamisha chini ya sikio, akakizungusha. Bunduki ikateleza. Akaidaka kwa mguu. Chini, filimbi moja ilikuwa inalia peke yake, na watu elfu mbili wametulia kimya.

Damu ikamlowesha hadi viwiko. Alimshikilia mpaka miguu ikaacha kupiga.

Wimbo ulipokwisha, simu ikatetemeka.

"Jaji vipi?"

Gundula akachungulia.

"Kasimama. Anapiga makofi."

Prohaska alishusha pumzi ndefu. "Na wewe?"

"Ubavu mmoja."

Akafunga vifungo vya koti juu ya damu, akateremka taratibu, akamshikia mlango bibi mmoja aliyekuwa anawahi teksi.