Nyimbo Tisini na Nne

Kila Jumatano baada ya masomo, Rosine alipita nyumbani kwao Nsemulwa, akavua sare, akala kiporo cha ugali na maharage harakaharaka, kisha akaenda kufagia kanisa kabla wenzake hawajafika kwa mazoezi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na ndiye aliyetunza daftari la nyimbo la kikundi cha sifa. Kazi hiyo aliipenda kupita kiasi. Ukimwuliza habari za nyumbani, atakujibu habari za daftari.

Daftari lilikuwa na sheria moja, iliyowekwa na Mwalimu Ponsian, kiongozi wa kikundi. Wimbo haupewi tiki mpaka uimbwe wote, beti zote, mara tatu, bila kutazama karatasi. Ni sheria nzuri, ila inachosha. Vikundi vingine mjini vilijisifu kuwa na nyimbo themanini, na Rosine hakupenda kushindwa. Basi wakisikiliza wimbo kwenye simu na kuimba kiitikio mara mbili, yeye tayari ameshaweka tiki. Hivyo ndivyo daftari lilivyofika nyimbo tisini na nne. Mwalimu Ponsian, mtu mwepesi wa kuamini watoto, alisoma idadi hiyo na kutabasamu.

Jumatano moja ya mwezi wa nane, moto ulikuwa unaunguza pori pande zote za mji. Jua la saa tisa mchana lilikuwa jekundu, moshi umetanda, na majivu meusi yalidondoka uani bila sauti. Kuku walikuwa wamerudi bandani wakidhani kumekuchwa. Rosine alikuwa anatoa ufunguo wa kufuli mfukoni aliposikia mtu akiimba ndani ya kanisa.

Sauti ilikuwa nyembamba, ya taratibu.

"Tumevuka mto, matope yangali miguuni. Tumevuka mto, mzigo ungali kichwani. Na ng'ambo..."

Ikakatika. Baada ya kimya kirefu ikaanza tena mwanzo, ikafika palepale, ikakatika.

Rosine alishika kufuli. Lilikuwa limefungwa. Akachungulia dirishani, akaona viti vitupu na kinanda kilichofunikwa kitambaa. Nywele zikamsimama, maana wimbo ule aliufahamu. Ulikuwa namba kumi na saba, mtunzi wake ni Mzee Ladislas, mpiga ngoma wa kanisa, na Mzee Ladislas alizikwa mwaka jana.

Hakufagia siku hiyo. Alikimbilia barabarani, akasimama huko mpaka Malale, mpiga kinanda, alipotokea na baiskeli yake.

"Mbona umesimama huku na ufunguo unao?" Malale aliuliza.

"Ndani kuna mtu anaimba."

Malale akatega sikio. Hakukuwa na sauti yoyote. "Acha uoga, Rosi. Hiyo ni redio ya jirani."

"Redio gani inaimba wimbo wa Mzee Ladislas?"

Malale akaegemeza baiskeli yake ukutani. Waliwasubiri wenzao, wakaingia wote pamoja na Mwalimu Ponsian, huku Rosine akiwa wa mwisho.

"Jumamosi ni kuganduka kwa Mzee Ladislas," Mwalimu alisema walipokaa. Kwa familia zenye asili ya Burundi, kama ya Rosine, hiyo ndiyo siku ya kufunga msiba, na hakuna anayeifanyia mzaha. "Mjane wake, Bibi Gaudiose, amekuja kutoka Kabungu. Ameomba kitu kimoja tu, wimbo wa mume wake uimbwe mzima. Nimeangalia kwenye daftari, namba kumi na saba ina tiki. Nimeshamwahidi."

Tiki ile aliiweka Rosine, na kikundi hakikuwahi kuuvuka ubeti wa kwanza.

Malale akapiga kinanda, wakaanza kuimba. Mto wakauvuka, mzigo wakaubeba. "Na ng'ambo..." Midomo yote ikakwama kwa pamoja, palepale, kwenye neno lilelile. Kinanda kilitembea peke yake kidogo, kisha nacho kikanyamaza.

Ndipo, nyuma ya ukuta wa madhabahu, mtu akavuta pumzi ndefu, kama anayetaka kuendelea. Dina, mmoja wa waimbaji, akapiga ukelele. Rosine alishindwa kuvumilia.

"Mwalimu, ni mimi!" alilia. "Nimeweka tiki za uongo! Sio huo tu, ni nyingi. Mwambie aniache!"

"Nani akuache?"

"Mzee Ladislas."

Mlango wa stoo ya viti ukafunguka, akatoka mwanamke mzee aliyejitanda kitenge, macho mekundu. Alikuwa Bibi Gaudiose.

"Ladislas hana habari na tiki zako, mjukuu wangu," alisema. "Ni mimi. Nimeingia kwa mlango wa nyuma wa stoo. Humu stoo ndimo alimokuwa akiwamba ngoma zake, na mimi nikimwimbia."

"Mbona ulikuwa unakatisha pale, Bibi?" Rosine aliuliza.

"Pale ndipo yeye alipokuwa akiingia na sauti yake nzito. Miaka thelathini na minne. Nikifika pale, bado namsubiri."

Hofu ilimtoka Rosine, ikaja aibu, na aibu ilikuwa nzito kuliko hofu. Akapiga magoti. "Nisamehe, Bibi. Umeahidiwa kitu ambacho hatuna."

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema Mwalimu Ponsian kwa huzuni. "Lakini na mimi nina kosa. Nilihesabu nyimbo, sikuzisikiliza. Bibi, ubeti wa pili unaujua?"

"Naujua. Kuuimba ndiyo nimeshindwa."

"Basi tutamkie tu. Tutaimba sisi."

Siku mbili hawakugusa wimbo mwingine. Bibi alitamka mstari, watoto wakauimba, wakakosea, wakarudia. Ijumaa jioni Mwalimu alimpa Rosine kalamu nyekundu. Kila wimbo ambao hakuna aliyeweza kutaja beti zake zote, aliufuta mwenyewe. Ilimuuma kama kung'olewa jino. Zilibaki ishirini na sita.

Jumamosi, nyumbani kwa Bibi Gaudiose kule Kabungu, moshi ulikuwa bado umetanda juu ya mashamba. Waliimba kwa kinanda alichokuja nacho Malale, na walipofika "na ng'ambo", Bibi alifumba macho. Watoto hawakukwama.

"Na ng'ambo tumekuta moto umewashwa, aliyetangulia ametuwekea kuni."

Rosine aliapa kwamba alisikia sauti nzito ya mzee mmoja ikiimba katikati yao. Akageuka, wanaume wote walikuwa wamefunga midomo. Malale alimwambia baadaye kwamba ilikuwa besi ya kinanda, naye hakubishana.

Wimbo ulipokwisha, mgeni mmoja kutoka Kapalamsenga alisimama. "Nyie watoto mnaimba! Hebu tupeni na ule mpya wa redioni."

Macho yote yakamgeukia Rosine. Huo aliufuta jana.

"Huo hatuujui, baba," alisema.

"Kikundi kizima?"

"Tunajua kiitikio tu. Tukiujua wote, tutakuja kukuimbia."

Watu wakacheka, na uso wa Rosine ukawaka moto. Bibi Gaudiose akamvuta karibu yake mkekani.

"Waache wacheke," alisema. "Siku ya raha mtu huimbiwa chochote na akacheza. Mwenye msiba anataka wimbo unaofika mwisho. Usiseme tena unajua jambo ambalo hujalifanyia kazi, mjukuu wangu, kwa sababu yupo mtu ambaye atalitegemea. Leo alikuwa ni mimi."