Fundi wa Paa la Penrallt

Vumbi lilianza siku ya Jumatatu. Eurwen Parri alifungua chumba cha mnara saa mbili asubuhi, kama alivyofungua kila chumba cha Chuo cha Penrallt kwa miaka ishirini na sita, akakuta meza ya binti yake imefunikwa vumbi la kijivu, laini kama unga uliochekechwa. Akalifuta, akawalaani wasafishaji kimoyomoyo, akashuka. Saa nne alipompandishia Lowri chai, vumbi lilikuwa limerudi, na katikati yake palikuwa na alama ya kiganja kipana, kiganja cha mtu mzima aliyeegemea meza ili apumzike kidogo.

Lowri hakuwa ameona kitu. Alikuwa ameinamia makaratasi yake tangu asubuhi, kwa maana tasnifu yake, historia ya chuo hichohicho, ilitakiwa mwisho wa mwezi. Chumba cha mnara kilikuwa kimekaa bila mtu miaka na miaka. Alipewa yeye kwa sababu vyumba vyenye joto walishavichukua wenye vyeo vyao.

Penrallt si chuo cha kutamba. Kimekaa juu ya kilima, upande mmoja kinatazama bahari, upande mwingine milima, na mvua inakipiga pande zote bila upendeleo. Wachimba mawe na wakulima wa Wales walikichangia kutoka mifuko yao mitupu ili watoto wao wasome karibu na kwao, na mpaka leo kila mtu mjini anajiona ndiye mwenye chuo. Muuza nyama humsimamisha profesa barabarani akamuuliza kwa nini mwanawe kafeli. Eurwen, msimamizi wa jengo, mwenye funguo zote kiunoni, alikuwa hivyohivyo. Zile picha za waasisi ukumbini aliziita mabwana ndevu, akazipangusa kila Ijumaa kama jamaa zake.

Kwa hiyo iliposikika sauti Jumanne, aliijua. Ilitoka juu ya dari: ko, ko, ko, kisha kimya, kisha ko, ko, ko. Babu yake alikuwa mtu wa machimboni, na hiyo ilikuwa sauti ya mtu anayechonga kigae cha jiwe la kuezekea, akikata ukingo kwa kisu kizito. Pamoja na sauti ilishuka harufu, ya sufi iliyolowa mvua, na ya chai iliyochemshwa mpaka ikawa chungu. Alimweleza mkuu wa utawala, Bwana Alwyn Sayce, naye bila kuinua uso kwenye kompyuta akasema ni njiwa.

"Njiwa mwenye birika la chai?" Eurwen akauliza.

Bwana Sayce alicheka. Alikuwa mtu mzuri tu, ila usingizi ulikuwa umempaa. Wanafunzi walikuwa wanapungua mwaka hadi mwaka, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilikuwa siku ya wageni, wazazi wangeleta watoto wao kukiangalia chuo. Wasipopendezwa, jengo la zamani lingeuzwa. Hakuwa na nafasi ya njiwa kichwani mwake.

Juma la pili Lowri akaanza kukohoa. Juma la tatu akawa hawezi kupanda ngazi bila kusimama mara tatu, na kile alichokitema kwenye kitambaa kilikuwa cha kijivu. Eurwen alimhamisha chumba, haikusaidia. Akamlaza nyumbani, haikusaidia pia, kwa maana usiku kucha binti alipumua kwa mlio kama mlango mbovu. Daktari aliishika picha ya mapafu dhidi ya mwanga, halafu akamuuliza Lowri alifanya kazi machimboni miaka mingapi.

"Ana miaka ishirini na minne," Eurwen akajibu kwa niaba yake. "Kazi yake ni kusoma."

Daktari akasema mapafu kama hayo aliyaona mara ya mwisho kwa wazee waliokwisha kuzikwa. Akasema vumbi la jiwe likishaingia halitoki, na likiendelea kuingia kwa kasi hiyo, ni suala la majuma. Eurwen alilia garini, Lowri akiwa amejifanya amelala.

Lowri mwenyewe ndiye aliyegundua mchongaji yule ni nani. Alimsomea mama yake kitandani, akitua kila maneno matatu ili avute pumzi. Katika kitabu cha mikutano ya kamati ya ujenzi, mwaka ule chuo kilipofunguliwa, ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri kwamba Elis Rolant wa kijiji cha Nant-y-Graig, fundi wa paa, alianguka kutoka mnarani siku nne kabla ya sherehe, akafa. Mafundi wenzake walitaka kuweka zana chini. Mwenyekiti akawasihi waendelee, wageni wakubwa walikuwa njiani, na kamati iliwashukuru kwa uelewa wao. Maiti iliwekwa katika ghala la chini mpaka sherehe ilipokwisha, ikazikwa mjini.

Hakuna mtoto wa nchi ile ya mawe asiyejua desturi. Machimboni mtu akifa, kila mkono unaacha kazi saa ileile. Hakuna anayemalizia hata kigae kimoja. Wote wanashuka mlimani nyuma ya maiti, wanamfikisha mlangoni kwake, na hakuna anayerudi kazini mpaka azikwe. Tajiri wa machimbo, hata yule aliyewanyonya mpaka mifupa, hakuthubutu kuwazuia. Na watu wa Penrallt, waliojenga chuo kwa ajili ya heshima ya watu haohao, ndio walioivunja.

Jumatano alasiri Eurwen alipanda mnarani peke yake, kuchukua vitabu vya Lowri. Mwanga wa Januari ulikuwa tayari unakwisha. Aliweka ufunguo tunduni na ile sauti ikakoma, ikakoma kama anavyokoma mtu aliyesikia mwenzake anakuja, naye akajikaza, akaingia, akaanza kukusanya vitabu bila kutazama juu, kitabu kimoja, cha pili, cha tatu, huku harufu ya sufi iliyolowa ikimkaribia kisogoni na ubaridi ukimpanda kutoka nyayo hadi magotini, na alipogeuka ili atoke akaona kwamba kilichokuwa kivuli cha kabati hakikuwa kivuli cha kabati, kilikuwa mtu aliyeketi chini ameegemea ukuta, kofia mapajani, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi buti, shingo yake imelala begani pale shingo isipoweza kulala, na mkono wake wa kulia unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, unachonga kigae ambacho hakikuwepo. Hakumtazama kwa ubaya. Alimtazama kama kibarua anavyomtazama msimamizi, akingoja kuambiwa.

Eurwen alishuka ngazi zile zote bila vitabu.

Aliyebaki wa kuulizwa mambo hayo alikuwa Mchungaji Tegid Hopcyn, mwenye miaka themanini na minane, katika nyumba ya wazee karibu na kituo cha treni. Watu walisema damu ya waganga wa zamani imo mwilini mwake, wale waliokuwa wakimsomea pepo mpaka anasinyaa akawa nzi, wakamfungia kwenye kopo la tumbaku na kumtupa ziwani. Mchungaji alikuwa akila vikeki vya zabibu alivyokatazwa na wauguzi. Alimsikiliza Eurwen mpaka mwisho, akajipangusa mdomo.

"Kopo la tumbaku ni la mabahili na matajiri," akasema. "Huyu hakufanya kosa lolote. Mimi sitamfukuza, na wewe usimruhusu mtu amfukuze."

"Anamuua mwanangu, Mchungaji."

"Hajui. Yuko kazini, na aliye karibu naye anavuta vumbi lake. Ndivyo walivyokufa wote hao, mmoja akichonga, mwenzake akipumua." Alikisogeza kisahani cha vikeki kando. "Chuo kisimame, Eurwen. Chote, na mikono yote. Halafu mtu ampeleke kwao. Mpaka afike kwao, kuna mtu atakayepumua naye. Ukianza safari hiyo, huwezi kumwacha njiani."

Bwana Sayce hakucheka safari hii, ila alikataa. Alifunga mlango wa ofisi na kuongea kwa sauti ya chini. Wageni mia nne walikuwa wanakuja keshokutwa. Akifunga Jumamosi, alisema, atakuwa amefunga moja kwa moja, na kazi za watu mia mbili zitakwenda. Alimwambia Eurwen kwamba anasikitika sana kuhusu Lowri, na macho yake yalionyesha ni kweli. Kumbe hayo ndiyo maneno ya yule mwenyekiti wa zamani, na pengine naye alisikitika.

Jumamosi saa tano ukumbi ulijaa. Wazazi walikuwa na makoti yaliyolowa, vijana walijifanya hawajali, kwaya ya wanafunzi iliimba chini ya mabwana ndevu, na juu ya uimbaji wote Eurwen alisikia ko, ko, ko, haraka kuliko siku zote, kazi ya mtu aliyeambiwa wageni wamefika. Lowri alikuwa garini nje, kichwa kwenye kioo. Eurwen alisimama mbele ya kisanduku chekundu cha ukutani akiwaza kazi za watu mia mbili, na ya kwake miongoni mwao. Halafu akavunja kioo kwa kiwiko.

King'ora kililia chuo kizima. Waliokuwa wakiimba walinyamaza, waliokuwa wakipika waliacha vyungu, waliokuwa wakifundisha waliacha sentensi nusu, na wote wakatoka wakasimama kwenye nyasi, mvuani, mikono mitupu. Eurwen alishika mlango mkubwa mpaka mtu wa mwisho apite, kisha hakuufunga. Alisema ndani, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe aliisikia kwa shida, "Elis Rolant, weka zana chini. Tunakupeleka kwenu."

Ko, ko. Kisha kimya cha kweli, kimya ambacho jengo lile halikuwahi kukipata tangu lijengwe. Hatua za buti zikashuka ngazi, polepole, zikampita karibu kiasi cha kumgandisha shavu. Kwenye nyasi watu mia sita walisogea wenyewe kulia na kushoto, wakafungua njia hadi kwenye gari, na hakuna hata mmoja aliyeweza kueleza baadaye kwa nini alisogea. Mlango wa nyuma wa gari ulifunguka, ukafungwa.

Aliendesha dakika arobaini kuelekea milimani. Lowri alikoroma kwa shida pembeni yake, kioo cha mbele kikawa kinashika vumbi kwa ndani, Eurwen akilipangusa kwa mkono wa koti. Hakutazama kioo cha nyuma hata mara moja. Nant-y-Graig ni mstari mmoja tu wa nyumba kumi na mbili chini ya machimbo yaliyokufa. Alisimamisha gari mbele ya ile ya kwanza. Mlango wa nyuma ulifunguka, gari likainuka kidogo kama linavyoinuka mtu mzito anaposhuka, na mara Lowri akaketi wima. Alivuta pumzi, akaishusha, akavuta nyingine ndefu mpaka mabega yakapanda.

"Mama," alisema. "Napumua."

Eurwen alimshika mkono, akacheka, akalia. Yote yalikuja pamoja.

Kisha wakasikia hodi. Ilipigwa mara tatu, kwa adabu, kwenye mlango wa kwanza, na hapo ndipo Eurwen alipozitazama nyumba zile kwa makini. Madirisha ya zote kumi na mbili yalikuwa giza. Milango ilikuwa imepakwa rangi za kupendeza, na kando ya kila mlango palikuwa na kisanduku kidogo cha tarakimu, cha kufungia funguo za wageni wa likizo. Watu wa kijiji walikufa au walihama, nyumba zikanunuliwa na wa mbali, na wa mbali huja kiangazi. Hodi ikapigwa mlango wa pili. Ikapigwa wa tatu. Walimsikia akienda mstari mzima bila kuruka nyumba, akingoja kila mlangoni muda ule anaongoja mtu anayejua kwamba ndani kuna mkewe na anakuja. Baada ya ule wa kumi na mbili, buti zilirudi polepole juu ya changarawe. Gari likalemea nyuma, na pumzi ya Lowri ikakatika katikati.

Eurwen aligeuza gari. Penrallt watu wangekuwa wamesharudi kazini, na Elis angerudi kazini pamoja nao. Eurwen hakukata kona ya chuoni. Alikwenda moja kwa moja mpaka nyumbani kwake, akazima gari, akamwekea Lowri funguo mkononi.

"Nenda kwa shangazi yako kusini. Usirudi mpaka nikuite."

"Mama, usifanye hivyo. Tafadhali."

"Lowri. Nimekwambia nenda."

Alishuka, akafungua mlango wa nyuma kama anavyofunguliwa mgeni mzee, akasubiri. "Karibu, Elis Rolant," alisema. "Hapa kuna mtu." Akatangulia, akaacha mlango wa nyumba wazi muda wa kutosha watu wawili kuingia, kisha akaufunga. Alisimama gizani ukumbini mpaka aliposikia gari linaondoka.

Aliwasha moto jikoni. Akavuta viti viwili. Simu ililia alipokuwa anamimina chai.

"Mama, kifua kimefunguka," Lowri alisema, analia huku anapumua kwa nguvu, pumzi nzima nzima kama alipokuwa mtoto. "Kimefunguka chote. Na wewe je?"

Eurwen aliifunika simu kwa kiganja mpaka kikohozi kilipopita.

"Mimi mzima, mwanangu," alisema. "Endesha polepole."