Mashine Iliyomsemea Jitesh

Jumapili mchana Nkwabi, aliyemuuguza Jitesh nyumbani, alirudi kutoka duka la dawa, akakuta meza iliyo mbele ya kitanda cha Jitesh tupu. Televisheni ilikuwepo, simu ilikuwepo. Mashine ya gemu haikuwepo.

Sajenti Dorotea wa polisi alipofika nyumbani kwao Capri Point, kando ya ziwa, alidhani ameitiwa mambo ya watoto, mpaka Nkwabi alipomweleza. Tangu ajali ya gari pale Usagara, Jitesh hakuweza kusema wala kujigeuza. Hata kope hazikumtii. Kilichobaki ni kidole gumba cha kulia, nacho kilitikisika kidogo mno hata mtu asione. Fundi Revocatus alichukua mashine ya gemu aliyochezea Jitesh enzi za shule, akaitia herufi, akailainisha pedi yake ya kubonyezea mpaka ikahisi kidole kile. Herufi zikipita kwenye televisheni, Jitesh anabonyeza aitakayo.

"Ndiyo mdomo wake, afande," Nkwabi alisema.

Jitesh alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, shali ya zambarau imekunjwa katikati ya magoti yake. Dorotea akainama.

"Jitesh, umemwona aliyeichukua?"

Macho yalibaki wazi. Basi.

Mlinzi wa jirani alisema asubuhi ile alimwona Revocatus akitoka getini na mfuko mzito. Dorotea akamfuata kibandani kwake, Makoroboi.

"Ulibeba nini?"

"Redio ya Jayshree, mama yake Jitesh. Hii hapa nimeifungua." Fundi alisimama ghafla. "Mashine imeibwa? Afande, mwaka mzima niliihangaikia ile! Haina gemu hata moja sasa. Nimuuzie nani?"

Redio ilikuwepo kweli. Dorotea akarudi.

"Mlango haukuvunjwa," alimwambia Nkwabi. "Ufunguo unao wewe."

"Na mama yake. Lakini alikuwa hekaluni, amerudi nyuma yangu. Hata chumbani hajaingia, alilia pale mlangoni tu."

"Ulimwachaje mgonjwa?"

"Chali, aone televisheni."

"Basi nani kamgeuza?"

Nkwabi akatazama kitandani kana kwamba ndiyo kwanza anaona. "Si mimi. Na mimi magotini huweka mto."

Dorotea alijiuliza. Mwizi gani huyo, amalize kuiba kisha amgeuze mgonjwa, amkingie magoti yasisuguane?

Jayshree alikuwa sebuleni, mikono mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Ile shali ya zambarau ni ya nani?"

"Yangu."

"Nkwabi anasema hukuingia chumbani. Mashine iko wapi, mama?"

"Ziwani," alisema taratibu. "Nyuma ya yale mawe, kwenye kina. Nilimgeuza ukutani asinione nikiibeba."

"Kwa nini?"

"Jana aliandika, 'Sikuendesha mimi.'" Alijifunika uso. "Yule mama aliyegongwa Usagara akafa, tuliwaambia polisi kwamba aliyemgonga ni Jitesh. Tulisema, huyu ameshaumia, watamfanya nini tena? Aliyeendesha ni Arjun, mdogo wake. Alikuwa amelewa. Nina watoto wawili, afande. Mmoja yuko pale kama unavyomwona. Wa pili nimpeleke jela kwa mkono wangu?"

"Utayasema haya mahakamani?"

"Hapana. Hata mkinifunga mimi."

Dorotea alimpigia Revocatus. Angeweza kutengeneza nyingine?

"Nitajaribu," fundi alisema. "Lakini kidole kinazidi kudhoofika, afande. Mwezi uliopita nililainisha pedi mara mbili, na bado alikuwa anapata shida. Siahidi."

Sajenti akarudi chumbani, akafunga mlango. Alimsaidia Nkwabi kumlaza Jitesh chali, kisha akaketi kitandani, akakichukua kile kidole gumba akakiweka katikati ya kiganja chake.

"Jitesh, mama amesema. Najua hukuendesha wewe. Kama ni Arjun, nisukume. Kidogo tu."

Nje mawimbi yaligonga mawe. Nkwabi alizuia pumzi. Dorotea alifumba macho ili asikie vizuri kwa ngozi, na kweli akahisi kitu, kitu chepesi, kikaja, kikarudi, kikaja tena.

"Amesema?" Nkwabi aliuliza.

Dorotea alikaza kiganja, akasikiliza tena. Hakuweza kujua kama ni kidole cha Jitesh, au ni mapigo ya damu yake mwenyewe.