Uso wa Aneth Kwenye Droo

Uvumi ulianzia kwenye meza za mitumba, pale stendi ya Same: studio ya Rogath inatoa picha za wafu. Mtu anaingia mzima, anapigwa picha, ikitoka uso una rangi ya maiti. Mzee Aminieli alipiga pale pasipoti, ikatoka ya manjano, na kabla hajarudi kuichukua wakamzika. Aneth alijaribu kucheka, lakini maneno yalimganda kama vumbi la mji ule: ukijifuta huku, linakaa kule. Maana Rogath alikuwa mchumba wake.

Walikutanishwa na upepo. Aneth alikuwa fundi cherehani, kibanda chake kinatazamana na studio. Siku moja ya gulio upepo ulimpokonya Rogath picha za wateja mlangoni, zikatawanyika kati ya mabasi. Aneth, ndani ya gauni la kitenge cha maua mekundu, akaikanyaga moja kwa kandambili isipeperuke.

"Dada, umemkanyaga bwana harusi usoni."

"Azoee mapema."

Rogath akacheka, halafu akamtazama kwa muda. "Naomba uso wako nipimie printa."

"Wenzako huomba namba ya simu."

"Na namba naiomba."

Ndivyo alivyofanya kazi. Skrini yake ilionyesha rangi hivi, printa ikatoa vile, na kifaa cha kupimia hakuwa nacho. Basi alimpiga Aneth picha moja, na kila Jumatatu aliisafisha ile ile, akamsimamisha mlangoni penye mwanga, akaiweka karibu na shavu lake. Zisipofanana, anarudi ndani, anaongeza wino huu, anapunguza ule, mpaka uso wa karatasi na uso wa mtu viwe kitu kimoja. Ndipo aanze kuwahudumia wateja.

"Usicheke, mama. Ukicheka shavu linabadilika."

"Basi acha kunitazama hivyo, baba."

Miezi ikapita. Aneth akaanza kuchoka bila kazi. Chakula kikamchefua, ngozi ikamwasha, akasema ni joto. Watu wakamsifia kwamba ametakata. Hata mama yake, aliposhuka kutoka Ugweno na mkungu wa ndizi, alimgeuzageuza akasema, "Uchumba umekupenda, mwanangu. Umekuwa mweupe." Walimtazama wote, tena kwa furaha.

Wakati huohuo wateja wakaanza kurudisha picha. Mabibi harusi walitoka manjano, na watoto wa kipaimara nao vilevile.

Tausi, muuza khanga, akaja kibandani na kuinama sikioni. "Shoga, niseme au ninyamaze?"

"Ushaanza, malizia."

"Wanasema biashara ile ina mtu wake aliyetolewa kafara. Muulize bwana yako picha zako zote zile anazifanyia nini."

Mchana ule Rogath alikuwa ametoka kununua karatasi. Aneth akavuka barabara, akaingia. Nyuso za ukutani zilimtazama, zote na rangi moja, kama watu wa ukoo mmoja asioujua. Akavuta droo.

Alijikuta mle. Picha ile ile, tabasamu lile lile, gauni lile lile, moja juu ya nyingine, na kila uso ni wa manjano kuliko ule ulio chini yake. Wa juu kabisa ulikuwa uso wa mtu aliyelazwa kwenye jeneza huku bado anatabasamu. Akafunga kibanda, akapanda milimani Ugweno kwa mama yake.

Jioni simu ikaita. "Laazizi, mbona kibanda kimefungwa?"

"Rogath, unanifanyia nini kwenye ile droo?"

"Zile? Ni za kupimia, unazijua."

"Mbona ninakufa mle ndani?"

"Sijakuelewa, mpenzi."

"Basi usinipigie mpaka unielewe." Akakata.

Kule juu ukungu ulishuka hadi migombani, na Aneth akawa anaogopa kujitazama kwenye kioo. Akilala, anajiona kwenye rundo, anangoja kufunikwa na picha nyingine. Akahesabu kwamba amebakiza Jumatatu chache tu.

Kisha asubuhi moja pikipiki ikanguruma kwenye mteremko. Rogath akashuka, shati jeupe limejaa matope. Mama akasimama katikati ya mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huingii."

"Siingii. Nimeazima kifaa Moshi, kinabandikwa kwenye skrini, halafu kinasoma rangi ya karatasi. Kimesema printa yangu ina njano nyingi mno. Na aliyeijaza njano ni mimi, kidogo kidogo, kila Jumatatu."

"Ili uwaue watu?" Aneth akauliza kutoka ndani.

"Ili ifanane na wewe." Akatoa picha mfukoni. "Nilidhani mashine ndiyo inayobadilika. Nimeinyoosha jana, nimeisafisha tena picha yako. Mama, naomba umtoe mwanao kwenye mwanga, uishike mwenyewe."

Mama akaishika shavuni kwa Aneth. Kwenye karatasi alikuwepo binti wa rangi ya kahawa iliyokaangwa. Pembeni yake alisimama mwingine, wa manjano mpaka weupe wa macho. Mkono wa mama ukashuka taratibu.

"Huyu ndiye niliyemzaa," akasema, akiitazama picha. Halafu akamgeukia Rogath. "Ina mafuta pikipiki yako?"

Njia ya nyongo ilikuwa imeziba, ndiyo iliyomfanya manjano. Walimpasua Moshi, na daktari hakuwaficha kwamba nusura wachelewe. Rogath alikaa kando ya kitanda, mikono magotini.

"Ukitoka hapa nakuoa," akasema.

"Na rangi yangu isiporudi?"

"Nakuoa hivyohivyo. Ila kupimia printa, basi tena."

Aneth akacheka, akashika mshono kwa maumivu. "Njoo karibu. Uniangalie vizuri, bila karatasi."

Wenye mabinti, na mabinti wenyewe, haya myaepuke:

Kumsifia mtu ametakata kabla hujamtazama macho.
Kusema ni joto, wiki baada ya wiki.
Kupimia mashine kwa uso wa umpendaye.
Kubeba maneno ya stendi na kupanda nayo mlimani.
Kukata simu kabla hujasikia jibu.
Kumfungia mlango mtu aliyekuja na habari ya mwanao.