Halua ya Idd na Mafaili Mawili

Huda alikuwa anafagia ngazi za jengo lao, Kariakoo. Kaka yake, Abdulla, alikuwa anasugua sufuria kubwa ya shaba. Kesho yake ilikuwa Idd.

Kila Idd mama yao, Bi Mauza, hupika halua ya jengo zima. Mwaka huu alikuwa Maskati, anamuuguza dada yake. Alituma zafarani ya sufuria moja tu. Halua ikiungua, basi.

Kabla ya kusafiri, alimtajia Huda mapishi. Huda alikuwa anajifunza kompyuta dukani kwa jirani yao Sejal, karibu na Mnazi Mmoja. Akayaandika huko. Abdulla akachukua nakala kwenye disketi, akairekebisha ofisini kwake. Huda naye akairekebisha yake. Sasa mafaili yalikuwa mawili, na hayafanani.

"Umeharibu mapishi ya mama," alisema Abdulla.

"Wewe hujui hata kukaanga yai!" Huda alijibu.

Walikwenda kwa Sejal wakibishana njia nzima.

"Shikamoo, dada Sejal."

"Marahaba. Mnagombana na swaumu zenu?"

Walimweleza. Mama angepiga simu hapo dukani saa kumi, lakini kadi yake ya simu huisha haraka. Asingeweza kusomewa mapishi yote.

"Basi tutafute mnapotofautiana tu," alisema Sejal. Kompyuta yake ilikuwa na programu ya kulinganisha mafaili. Aliandika jina la programu, kisha faili la Abdulla, kisha la Huda. Kioo kikaonyesha hivi:

6c6
< Koroga kwa moto mkali mpaka mwisho.
---
> Koroga kwa moto mdogo mpaka mwisho.
9a10
> Sahani ya kwanza apelekewe Isidori.

Huda alipiga makofi. "Mimi nina alama ya kubwa, kaka ana ya ndogo. Nimeshinda!"

Sejal alicheka. "Hapa si hesabu, mdogo wangu. Tazama ncha. Ikielekea kushoto, mstari umo kwenye faili la kwanza, la Abdulla. Ikielekea kulia, umo kwenye la pili, lako."

"Na hizi namba?" aliuliza Abdulla.

"Ni namba za mistari. Ya kushoto ni ya faili lako, ya kulia ni ya Huda. Herufi c maana yake mstari umebadilika. Mstari wa sita kwako si sawa na wa sita kwake. Herufi a maana yake faili la pili lina mstari wa ziada, hapa baada ya wa tisa wako. Ungekuwa kwako tu, tungeona d."

"Sasa nani amekosea?"

"Hilo kompyuta haijui. Inaonyesha tofauti tu. Aliye sahihi mtamuuliza mama."

Abdulla alisoma tena. "Huu wa Isidori niliufuta mimi. Mlinzi wa jengo anahusiana nini na mapishi?"

Saa kumi simu ililia. Huda hakupoteza muda.

"Mama, moto mkali au mdogo?"

"Mkali mwanzo. Ikianza kuwa nzito, punguza."

Ndugu wawili walitazamana. Wote walikuwa wamekosea.

Abdulla alichukua simu. "Mama, na sahani ya Isidori?"

"Ndiyo mwisho wa mapishi, mwanangu. Bomba lilipokauka, nani alitupandishia maji ghorofani? Usiku—" Simu ikakatika.

Huda alisahihisha mstari wa sita kwenye faili lake. Abdulla alisahihisha lake, akaurudisha mstari alioufuta. Sejal akalinganisha tena. Safari hii kioo hakikuonyesha kitu.

"Imeharibika?" aliuliza Abdulla.

"Hapana. Ikinyamaza, mafaili yanafanana."

Walipika kwa kupokezana mwiko. Halua haikuungua. Asubuhi ya Idd, Abdulla mwenyewe alishuka na sahani ya kwanza.

Isidori alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Alionja kipande. Akatabasamu, akatazama juu ghorofani.

"Mbona hamkuniambia?" alisema. "Mama amerudi lini?"