Mbegu za Kuagana

Maji yalipokupwa, Moza alishuka pwani na kikapu chake. Zamani wanawake wa kisiwa cha Jibondo walishuka kwa makundi, wakitaniana njia nzima. Sasa alikuwa peke yake. Wenzake walihamia Dar es Salaam, familia moja baada ya nyingine, wakaacha milango yenye kufuli.

Kila aliyehama alimwachia Moza mbegu za mwani, yaani vipande vibichi vya kupanda. Ndiyo desturi: anayeondoka humwachia anayebaki. Moza alizifunga zote kwenye kamba zake. Hata za wifi yake Mize, zilizokuwa na madoa meupe, alizifunga. Zawadi ya kuagana huichagui.

Lakini mwani uligeuka mweupe, ukakatika. Akapanda tena. Ukakatika tena.

"Sielewi," alimwambia mumewe, Shamte. "Bahari ni ileile. Mikono ni ileile."

"Kisiwa kimechoka. Mize ametutafutia chumba huko Dar, Mbagala. Twende."

"Huko nitalima nini?"

"Kwani hapa unalima nini?"

Moza akaanza kukusanya vyombo. Asubuhi alitaka kwenda, jioni alitaka kubaki. Alifunga mizigo, akaifungua, akaifunga tena.

Jirani yao Bi Saleha alirudi kutoka kisiwa cha Bwejuu, alikokwenda kujifunza kilimo cha mwani.

"Shikamoo, Bi Saleha."

"Marahaba. Mbona godoro liko mlangoni? Nalo linahama?"

Moza alimweleza yote. Wakashuka pwani pamoja. Bi Saleha aliinua kamba moja, akaitazama kwa makini.

"Mbegu hizi umezitoa wapi?"

"Waliniachia waliohama."

"Basi walikuachia ugonjwa, mwanangu. Mbegu yenye ugonjwa huambukiza nzima. Tena umepanda karibu mno na nchi kavu. Hapa maji hupata moto mchana, mwani ukadhoofika."

"Kwenye kina siwezi kutembea."

"Mumeo ana mtumbwi. Au ni wa kuanikia samaki?"

"Na zawadi za watu nizitupe?"

"Zitunze. Zitakuhamisha na wewe."

Moza alisimama majini, kichwa kimemvurugika. Kisha akaanza kufungua kamba. Mwani mgonjwa hakuutupa baharini. Aliubeba wote hadi nchi kavu, akauanika mbali na maji.

"Msimu mmoja tu," Shamte alimwambia. "Ukikatika, tunahama."

Alimletea mbegu safi kutoka Bwejuu. Bi Saleha akawaonyesha namna ya kutia kamba nanga na kuzielesha kwa chupa tupu, mahali ambapo maji hayakauki.

Mwani ulikua mnene, wa kahawia, bila doa. Godoro likarudi kitandani. Majirani wawili waliokwisha kufunga mizigo walikuja kuomba mbegu. Moza aliwapa, lakini kwanza alikagua kila kipande.

Siku moja Mize akapiga simu.

"Wifi, nasikia mbegu zangu umezitupa. Na chumba nilichowatafutia mmekikataa. Umenivunjia heshima. Niombe radhi."

"Mbegu zako zilikuwa na ugonjwa, wifi. Ukirudi nitakupa nzima."

"Nimesema niombe radhi."

"Nimekusikia," Moza alisema. "Siombi."